Shahidi mkweli naye hukosea

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umetoka ibada ya kwanza, au unasubiri wenzako wa nyumbani wamalize kuvaa muende ya pili. Leo naomba tutafakari pamoja ile amri inayotukataza kumtolea jirani ushahidi wa uongo. Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nane, madhehebu mengine huihesabu kuwa ya tisa. Kwa namba yoyote ile, wote tuliikariri utotoni.

Tukiulizwa nani anayeivunja amri hiyo, hatusiti kujibu: ni mwongo. Ni yule aliyelipwa ili aseme, au yule mwenye kinyongo na jirani yake, au anayemlinda ndugu yake. Na kwa kuwa sisi si waongo, tunajihesabu kuwa salama.

Lakini ngoja nikuulize. Je, mtu anaweza kumshuhudia jirani yake jambo ambalo si kweli, huku moyoni anaamini kabisa kwamba anasema kweli, na yuko tayari kuapa akiwa ameshika Biblia? Anaweza. Ninajua kwa sababu nimewahi kuwa mtu huyo, ingawa kwa bahati njema hapakuwa na mtu wa kuumia.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitokea Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Mkazi yeyote wa Mwanza wa umri wangu atakueleza bila kusita alikuwa wapi alipopata habari ile. Mimi, kwa zaidi ya miaka 20, nilisimulia kwamba ilinikuta Mwaloni Kirumba nikinunua dagaa, na kwamba mama aliyekuwa akinipimia aliweka kopo chini, akashika kichwa, akakaa juu ya gunia. Nimewasimulia wanangu. Nimesimulia misibani. Nimewahi kuisimulia hata mbele ya usharika.

Miaka michache iliyopita dada yangu alifariki dunia huko Tabora. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nikakuta barua niliyomwandikia mwenyewe juma lile lile la ajali. Ndani yake nimeandika kwamba nilikuwa nyumbani, nimelala na malaria siku ya tatu, na mke wangu ndiye aliyeingia chumbani kunipa habari. Kirumba haimo. Mama wa dagaa hayumo. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu.

Mpendwa, hadi leo nikifumba macho ninamwona yule mama. Naliona kopo. Namwona akishika kichwa. Pengine nilimwona siku nyingine, katika msiba mwingine. Pengine ni mtu mwingine aliyenisimulia, nami nikajiweka ndani ya hadithi yake. Ninachojua ni kwamba sikudanganya hata siku moja, na kwamba nilichokisema hakikuwa kweli.

Baadaye nilikuja kujua kwamba siko peke yangu. Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kililipuka kikiwa na watu saba ndani yake. Kesho yake mtaalamu wa saikolojia, Ulric Neisser, aliwataka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waandike walipataje habari hiyo: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Karatasi zikahifadhiwa. Zaidi ya miaka miwili baadaye, wanafunzi 44 kati yao waliulizwa maswali yale yale. Kumi na moja, yaani robo nzima, walikosea kila jambo kubwa la habari yao wenyewe. Tena wengi walijibu kwa uhakika mkubwa. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao, ile kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Tumezoea kufikiri kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni. Unaifungia, na siku ukiihitaji unafungua na kuikuta kama ulivyoiacha, labda imefifia kidogo. Waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wanasema sivyo. Kumbukumbu inafanana zaidi na nyumba ya udongo ambayo kila unapoingia unaikandika upya. Udongo unaoutumia unatoka popote: katika yale uliyoyaona kweli, katika maneno ya jirani, katika redio, katika swali uliloulizwa, katika hofu yako. Ukimaliza, ukuta ni mmoja, na huwezi tena kusema udongo upi ulitoka wapi.

Mwaka 1974 mtaalamu mwingine wa Marekani, Elizabeth Loftus, pamoja na mwenzake John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Kundi jingine liliulizwa swali lile lile, ila neno likawa kali zaidi, kama kusema yalipobamizana. Juma moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini katika kundi la neno kali, watu 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika lile la kwanza walikuwa 7 kati ya 50. Neno moja tu la mwulizaji liliingia ndani ya kumbukumbu na kuvunja kioo ambacho hakikuvunjika.

Sasa fikiria jinsi tunavyoulizana sisi. Mtu amevamiwa usiku. Kabla hajafika kituo cha polisi ameshaulizwa na watu kumi: "Si alikuwa yule mrefu?" "Hakuwa mtoto wa fulani kweli?" "Si yule anayeshinda pale kijiweni?" Kila swali ni tope jipya ukutani. Ikifika asubuhi, aliyeona kivuli anaona uso, na uso huo una jina.

Wanasheria wetu wamelijua jambo hili muda mrefu, na kwa kweli wametutangulia sisi wahubiri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu sana, na kwamba mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Majaji wakaweka maswali ya kuuliza. Shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimfahamu kabla ya siku hiyo? Tangu hapo uamuzi huo umerudiwa mara nyingi mno katika hukumu za nchi hii.

Katika rufaa nyingine, ya mwaka 2005, mahakama hiyo ilieleza kwamba haitoshi shahidi kusema tu palikuwa na taa. Taa hazilingani. Mwanga wa kibatari si mwanga wa karabai, wala si wa taa ya umeme. Mtu wa Ziwa hahitaji kufundishwa sheria ili aelewe hapo. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa kazini, ukisimama ufukweni unaona taa zao zimejipanga kama mji. Taa unaziona wazi kabisa. Lakini nani yuko ndani ya mtumbwi upi? Huwezi kusema. Na nyavu au injini ikiibwa usiku huo, anayedai amemjua mwizi ng'ambo ya maji lazima aulizwe kwa upole: ulimwona kwa taa gani?

Katika rufaa iliyofunguliwa mwaka 1995, ya Marwa Wangiti Mwita na mwenzake, mahakama ilisisitiza jambo jingine la busara. Shahidi akimtaja aliyemtambua mapema, katika nafasi ya kwanza anayoipata, hiyo ni dalili nzuri ya kuaminika. Akikaa siku nyingi bila kumtaja na bila sababu, hapo panahitaji kuulizwa. Ukikumbuka ile nyumba ya udongo, utaona sababu: kila siku inayopita ukuta unakandikwa tena.

Ukitaka kujua busara hii ina umri gani, rudi nyuma hadi mwaka 1936. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya wakati huo wa mkoloni iliweka taratibu za gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane, wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Shahidi asimwone kabla ya gwaride. Na shahidi aambiwe kwamba mtu anayetafutwa anaweza kuwamo, na anaweza asiwemo. Sentensi hiyo fupi ni muhimu sana. Ukimpanga mtu mbele ya nyuso na kumwambia achague, atachagua. Atamchukua anayefanana zaidi na kivuli kilichomo kichwani mwake. Utafiti wa miaka ya baadaye ulikuja kuthibitisha kwamba kumwambia shahidi hivyo kunapunguza makosa.

Naomba sasa nikupe kisa kimoja kutoka Marekani, kwa sababu kilianza gizani na kikafika kanisani. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, mtu aliingia usiku katika nyumba ya mwanafunzi wa chuo wa miaka 22, Jennifer Thompson, akambaka. Binti huyo, katikati ya mateso yale, aliamua kuukariri uso wa mtu yule ili akipona amfikishe mbele ya sheria. Aliona ni wajibu wake. Polisi walipomwonyesha picha, akachagua moja. Walipompangia watu, akamchagua mtu huyo huyo, Ronald Cotton. Naye akaambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua katika picha. Kuanzia hapo uhakika wake ulikuwa kama mwamba. Mahakamani aliapa na kumnyooshea kidole, na Cotton akafungwa kifungo cha maisha.

Gerezani Cotton alikutana na mfungwa mwingine, Bobby Poole, ambaye watu walisema wanafanana. Kesi iliposikilizwa tena mwaka 1987, Poole aliletwa mbele ya Jennifer. Akasema hajawahi kumwona mtu huyo maishani mwake. Cotton akarudishwa gerezani. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kilionyesha ukweli: aliyembaka alikuwa Poole. Cotton alikuwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka 10 kwa kosa la mtu mwingine.

Jennifer hakudanganya. Alibakwa kweli, aliteseka kweli, na alimtazama mtu yule kwa makusudi ya kusema kweli. Lakini uso wa Cotton, aliouona kwenye picha, kwenye gwaride na mahakamani, ulikuwa umeukandika ule ukuta hadi uso wa mhalifu ukafunikwa kabisa. Miaka miwili baada ya Cotton kutoka, Jennifer aliomba wakutane, wakakutana kanisani. Jennifer akamwomba msamaha huku akilia. Cotton akamwambia amekwisha kumsamehe. Baadaye wawili hao waliandika kitabu pamoja na wamekuwa wakizunguka wakifundisha watu juu ya hatari hii. Na kisa chao si cha pekee. Kati ya watu wa Marekani waliofungwa bila hatia kisha wakaokolewa na kipimo cha DNA, karibu saba katika kila kumi walihukumiwa kukiwa na shahidi aliyemtambua mtu asiye.

Biblia nayo haifichi udhaifu wa macho yetu. Katika Mwanzo 27, mzee Isaka anamshika mwanawe, anamsikia akisema, anamnusa mavazi, kisha anambariki Yakobo akidhani ni Esau. Huyo ni baba na mtoto wake wa kumzaa! Mahakama yetu ya Rufani imeonya vivyo hivyo, kwamba hata ndugu na rafiki wa karibu huweza kufananishwa na wengine. Katika Yohana 20, Maria Magdalena, kukiwa bado na giza la alfajiri moyoni na machoni, anadhani Bwana wake ni mtunza bustani. Katika Luka 24, wanafunzi wawili wanatembea na Yesu mchana, bega kwa bega, njia nzima, wasimtambue mpaka alipoumega mkate.

Na katika Yohana 21 tuko ufukweni mwa ziwa. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapambazuka. Yesu amesimama pwani, umbali wa kama dhiraa 200, ambao hauzidi sana urefu wa uwanja wa mpira. Wamekula naye miaka mitatu. Hawamjui! Wewe unayeijua alfajiri ya Kirumba, Igombe au Ukerewe, ukungu ukiwa bado juu ya maji, huwezi kuwalaumu. Ikiwa Petro na wenzake hawakumtambua Bwana wao kwa mwanga ule, mimi na wewe tunapata wapi ujasiri wa kuapa juu ya mtu tuliyemwona mara moja, akikimbia, saa mbili usiku?

Hapa ndipo ninapotaka kufika, mpendwa msomaji. Mahakamani angalau kuna maswali. Kuna wakili, kuna hakimu, kuna rufaa. Lakini mitaani kwetu tunayo mahakama nyingine. Jioni, watu wengi, stendi imejaa. Mama anapiga kelele: "Mwizi!" Kijana wa fulana nyekundu anatimua mbio, anakata kona. Kwenye kona ile yupo kijana mwingine wa fulana nyekundu, naye akiona watu wanamjia anaanza kukimbia kwa hofu. Dakika tano baadaye yuko chini. Mawe, fimbo, na mtu mmoja ameshakwenda kutafuta tairi. Kesho gazeti litaandika kwamba ni wananchi wenye hasira.

Nani aliuona uso wake? Ukiwauliza mmoja mmoja, kila mtu alimsikia mwenzake. Hata yule mama aliyepiga kelele, anapofika na kumtazama, anaweza kuingiwa na shaka. Lakini nani atamsikiliza sasa? Naye anaogopa kusema, asije akaonekana anamtetea mwizi. Jambo ambalo majaji wanaliogopa baada ya kusikiliza mashahidi siku nyingi, sisi tunalimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Na tairi likishawashwa halina rufaa. Tuseme ukweli mbele za Mungu: baadhi ya wanaorusha mawe Jumamosi jioni tunakuwa nao ibadani Jumapili asubuhi.

Kanda yetu ya Ziwa ina jeraha jingine la namna hiyo. Mabibi zetu wangapi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na "ushahidi" ukiwa ni macho mekundu? Macho yaliyowekundishwa na moshi wa jiko walilotupikia maisha yao yote! Hapo mtu haoni kwa macho tena. Anaona kwa hofu yake, na kumbukumbu inamletea kila alichokitaka: kwamba alimwona bibi usiku, kwamba alimsikia akinong'ona.

Hata ndani ya kanisa tunayo mahakama ndogo. Baraza la wazee linakaa kumjadili binti aliyeonekana akitoka nyumba ya wageni, au mwinjilisti aliyeonekana baa. Aliyemwona nani? Alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya daladala inayokwenda. Kwa sekunde ngapi? Tumemtenga mtu na Meza ya Bwana kwa ushahidi ambao hakimu wa mahakama ya mwanzo angeutilia shaka.

Najua utaniuliza: je, wezi na wabakaji waachwe? Waliotendewa uovu wanyamaze kwa kuogopa kukosea? Hapana, hata kidogo. Kuna maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni: je, jambo lilitendeka? La pili ni: nani alilitenda? Jennifer alikuwa sahihi kabisa katika la kwanza, akakosea katika la pili. Mama anayesema ameibiwa, binti anayesema amebakwa, msikilizeni, msimdhihaki, mpelekeni hospitali na polisi mapema. Tena aliyetendewa na mtu anayeishi naye au anayemfahamu vizuri hayuko katika hali sawa na aliyevamiwa na mgeni gizani. Na kumbuka hesabu hii: kila anapofungwa au kuuawa asiyehusika, mhalifu mwenyewe yuko huru. Miaka ile Cotton yuko kifungoni, hakuna aliyemtafuta Poole kwa kosa lile.

Basi tufanyeje? Torati ilishatupa mwanzo. Kumbukumbu la Torati 19 inataka neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu, na inawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Katika Biblia ya Kikatoliki, Danieli sura ya 13, kijana Danieli anamwokoa Susana kwa kuwatenga wazee wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani, majibu yakapishana. Wale walikuwa waongo, lakini njia ile ya kuwatenga inawafaa hata wakweli, maana inazuia kumbukumbu ya mmoja isimwagike ndani ya nyingine.

Ukishuhudia tukio, usikimbilie kijiweni kulijadili. Chukua karatasi, au simu yako, andika ulichokiona mwenyewe kabla hujasikia cha wengine: saa, mwanga, umbali, mavazi, uso kama uliuona. Usichokiona, usikijaze. Ukiwa unamwuliza mtoto au jirani, mwambie tu, "Niambie kilichotokea," kisha nyamaza. Usimpe jina. Ukiitwa kwenye gwaride la utambuzi na usimwone mtu, kuwa na ujasiri wa kusema hayumo. Na ukisikia kelele za mwizi, kuwa wewe wa kwanza kupaza sauti nyingine: "Nani ameuona uso wake? Mpelekeni polisi!" Huenda utatukanwa. Lakini huenda pia yupo mama mahali fulani, Buhongwa au Nyasaka, ambaye mtoto wake atarudi nyumbani usiku huo kwa sababu yako.

Wazee wetu walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini mwenye macho bado anahitaji kuulizwa ameona nini.

Nakuachia mtu mmoja wa kumfuata. Hatumjui jina. Yumo katika Marko 8, alikuwa kipofu wa Bethsaida, kijiji cha kando ya ziwa. Yesu alimwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Fikiria shinikizo alilokuwa nalo mtu huyo. Mwenye miujiza amesimama mbele yake, anasubiri jibu. Rahisi kusema, "Ndiyo Bwana, naona vizuri!" Lakini yeye alisema kile hasa alichokiona, na kiasi alichokiona: watu anawaona, ila wako kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa imani haba. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona kila kitu wazi.

Shahidi wa namna hiyo ndiye anayehitajika Mwanza leo, mahakamani, kwenye baraza la wazee na pale stendi jioni. Mtu anayeweza kusema bila aibu: "Niliona mtu. Alikuwa kama mti. Uso sikuuona."

Tuombe. Ee Bwana, wewe peke yako ndiwe unayekumbuka bila kukosea. Utusamehe pale tulipoapa kwa uhakika tusiokuwa nao. Uwafariji waliofungwa na waliouawa kwa macho ya watu waliodhani wameona. Utupe ujasiri wa kusema tulichokiona, na unyenyekevu wa kunyamaza mahali macho yetu yalipoishia. Kwa Jina la Yesu. Amina.